Duka na Baraza: Taarikhi ya Biashara Chini ya Paa Mjini Unguja, Kutoka Mji Mkongwe Hadi Michenzani

Neno duka tumelipata kwa Waarabu, nao husema dukkan. Lakini Wahindi waliokuja pwani yetu kufanya biashara walikuwa nalo vilevile katika lugha zao, hata si rahisi kusema ni mkono upi hasa uliotukabidhi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba katika makamusi ya kale ya Kiarabu dukkan si chumba cha kuuzia tu. Ni dakka pia, yaani jukwaa lililojengwa kwa ajili ya kukalia. Mswahili akielezwa maana hiyo atajibu mara moja: basi hilo ni baraza. Nami naona atakuwa amesema kweli. Muuzaji alikaa juu ya jukwaa lake, bidhaa zikiwa ubavuni pake. Jukwaa likipata kuta na paa, jina lilibaki lile lile.

Katika makala haya nimekusudia kueleza jinsi biashara ya mji wa Unguja ilivyotafuta kivuli na kujikinga na mvua kwa muda wa karibu miaka 200, kwanza katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kisha Darajani, na mwisho Michenzani, ambako leo yamesimama majumba ya maduka ya namna mpya. Hoja yangu ni nyepesi kuitaja, ingawa najua haitakubaliwa na kila mtu. Kila mara wakubwa walipojenga paa kwa ajili ya wauzaji, walilijenga bila ya baraza. Na kila mara baraza lilifuata lenyewe, likakaa nje ya ukuta, likahesabiwa kuwa uchafu wa kuondolewa.

Wasomi wa ujenzi wakizungumzia njia ya maduka iliyofunikwa, macho yao huelekea Ulaya kwanza. Hutaja Passage des Panoramas ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1800, Burlington Arcade ya London ya mwaka 1819, na Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan iliyofunguliwa mwaka 1867. Zote zilitoka katika fikira moja: mnunuzi akingwe na mvua, matope na magari ya farasi, lakini asinyimwe mwanga. Kwa hiyo mwanga ukaingizwa kutoka juu, kwa kioo. Nilipokuwa masomoni London nilipita mara nyingi katika Burlington Arcade, na kila mara nilijiuliza mtu angefanya nini na paa la kioo Unguja, saa saba mchana, mwezi wa Februari. Angeiva.

Nchi za jua kali zilifuata njia nyingine. Soko kubwa la Istanbul, ambalo asili yake ni ya karne ya 15, lina mapaa mazito ya matofali na mwanga mchache. Na Soko la Matrah huko Maskati, ambalo jamaa wengi wa Unguja wanalifahamu kama wanavyofahamu Mkunazini, ni njia nyembamba zilizofunikwa ili jua lisishuke. Huko kinachotafutwa ni kivuli. Mji wa Unguja uliingia katika ukoo huu, lakini kwa namna yake, kwani haukuhitaji kuezeka njia. Nyumba zenyewe ziliufunika mji.

Tuangalie basi nyumba hizo. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, katika miaka ya 1830, nyumba za mawe zikaongezeka upesi katika rasi ile ya Shangani. Mwashi alikuwa na matumbawe na chokaa kwa kuta, na boriti za mikoko, nyingi zikitoka Rufiji, kwa sakafu na dari. Boriti ndiyo iliyotawala vipimo vyote. Mkoko hauruhusu chumba kupanuka sana. Mita mbili na nusu, au tatu, basi. Mtu anayepita Hurumzi au Gizenga akashangaa kwa nini duka ni jembamba kiasi kile na refu kwenda ndani, jibu lake limelala darini juu ya kichwa chake: upana wa duka ni urefu wa mti wa mkoko.

Nyumba ya Mwarabu mwenye uwezo iliigeukia nafsi yake. Ilikuwa na ua katikati, kuta nene nje, madirisha machache chini, na mlango mkubwa wa nakshi. Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi iligeukia njia. Chini palikuwa duka, nyuma ghala, juu makazi ya jamaa. Na mbele palifungwa milango ya mbao inayokunjwa ubao kwa ubao, hata asubuhi ukuta wote wa mbele ulitoweka na duka likawa sehemu ya njia. Aina hizi mbili za nyumba zilipokaribiana katika mitaa ile ile, zilikubaliana katika kitu kimoja tu, nacho ni baraza la mawe chini ya ukuta, upande huu na upande ule.

Baraza lilikuwa na kazi nyingi kuliko wageni walivyodhani. Lilizuia maji yasile mguu wa ukuta. Lilikuwa meza ya muuzaji na kiti cha mnunuzi. Wakati wa masika, vichochoro vikigeuka mito, watu walipita juu ya mabaraza kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kulowa miguu, kwa hiyo lilikuwa pia njia ya juu ya wapitao kwa miguu. Na kwa kuwa nyumba zilikuwa ndefu na njia nyembamba, roshani za juu zikitokeza, jua halikufika chini ila kwa saa chache. Neno roshani lenyewe linatokana na Kiajemi, nalo asili yake ni mwanga. Kwa hiyo mwenye ghorofa ya juu alijitokeza nje kuufuata mwanga, na kwa kufanya hivyo akamtilia kivuli mwenye duka chini yake. Hakuna mwinjinia aliyechora jambo hili. Ni mapatano yasiyoandikwa baina ya majirani, na mimi huyaona kuwa ndiyo njia ya maduka iliyofunikwa ya Unguja, ijapokuwa ukitazama juu utaona mbingu.

Lakini mji hauli nguo na manukato. Samaki, nyama, muhogo na ndizi vilikuwa na mahali pake, na majina ya mitaa yanatukumbusha mpaka leo. Sokomuhogo ni jina lisilohitaji mfasiri. Soko la vyakula lilikuwa karibu na Ngome Kongwe, wazi kwa jua na mvua, shamba likishusha mazao yake na bahari ikishusha samaki wake. Yapasa pia kusema waziwazi kwamba neno soko mjini Unguja lilibeba kwa miaka mingi biashara ya wanadamu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 ambao Seyyid Barghash alilazimika kuutia sahihi, na juu ya uwanja wake likajengwa kanisa la Waanglikana. Kutoka hapo mpaka Darajani ni mwendo wa dakika chache, na sidhani kuwa anayeandika taarikhi ya masoko ya mji huu ana ruhusa ya kupita pale bila ya kusimama.

Darajani palipata jina lake kwa daraja lililovuka mkono wa bahari, uliogawa Mji Mkongwe na nchi ya upande wa mashariki. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, na jina likabaki hata baada ya maji kufukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 na barabara kupita juu yake. Barabara hiyo leo ina jina la Benjamin Mkapa. Hapo, ukingoni kabisa mwa Mji Mkongwe, serikali ilijenga soko jipya lililofunguliwa mwaka 1904 wakati wa Seyyid Ali bin Hamud. Katika karatasi liliitwa Soko la Estella. Wenyeji hawakulijali jina hilo. Walisema Marikiti, na Marikiti likawa jina lake.

Jambo hili lina maana kwa mwanafunzi wa lugha. Kiswahili kilikuwa na soko, kutoka Kiarabu suq. Kilikuwa na gulio. Na Wahindi walitumia bazari. Kwa nini basi kichukue neno la nne kutoka Kiingereza, kilivunje kwa irabu zetu, mar-i-ki-ti, na kulifanya la nyumbani? Kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kipya. Soko ni watu. Wakiondoka hakuna soko, pamebaki uwanja. Marikiti ni jengo. Usiku watu wakilala lingali pale na milango yake na mlinzi wake. Mombasa pia wanalo Marikiti lao, lililojengwa na serikali ya namna ile ile, na nadhani neno lilishika huko kwa sababu ile ile.

Jengo la Darajani ni la mtindo wa kumbi ndefu chini ya paa la mgongo. Nyama ina upande wake na samaki upande wake, na mnada wa samaki huendeshwa kwa sauti ambayo mgeni huidhania ugomvi. Serikali ilitaka usafi, na ilitaka pia kumwona muuzaji, kumhesabu na kumtoza ushuru. Hayo yote ukumbi uliyaweza. Lakini ndani ya ukumbi kila muuzaji alipewa kipimo chake, na kipimo hicho hakikuwa na nafasi ya mtu wa pili kukaa. Mnunuzi alisimama, akanunua, akaenda zake. Basi matunda, viungo, mikate, nguo na vyombo vikamwagika nje, kuzunguka kuta zote, juu ya mikeka, meza na mapipa, chini ya vipenu vya makuti, magunia na mabati. Mtu akikuambia leo kwamba anakwenda Darajani, aghalabu hakusudii ndani ya jengo la mwaka 1904. Anakusudia ule mji wa vipenu uliolizunguka.

Ng'ambo kwa muda huo wote ilikuwa na biashara yake isiyotajwa sana vitabuni. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti na baadaye mabati, lakini mpango wake ulikuwa wa Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na mbele, chini ya upenu uliotokeza, baraza. Upenu na baraza ndio uliokuwa mlango wa duka la maskini. Mwanamke aliyekaanga vitumbua alfajiri hakuhitaji kibali cha kukodi chumba. Alikuwa na upenu wake. Na majina ya mitaa yanaonyesha vivuli vya kale zaidi: Miembeni, Mikunguni, Mwembeladu, Mwembetanga. Michenzani yenyewe ni mahali pa michenza. Mti ulikuwa paa kabla ya mwezekaji kufika.

Wapangaji wa mji wa wakati wa ukoloni, Lanchester katika mpango wake wa mwaka 1923 na Kendall mwaka 1958, waliitazama Ng'ambo kama tatizo la kusawazishwa, ila hawakupata uwezo wa kulitimiza. Aliyelitimiza ni mwingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Sheikh Abeid Amani Karume aliahidi nyumba za kisasa kwa watu wa Ng'ambo, na Ujerumani ya Mashariki, iliyokuwa rafiki wa mapema wa serikali mpya, ikasaidia. Yalianza majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Kisha ikaja Michenzani, ambayo kazi yake ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea baada ya Karume kuuawa mwezi wa Aprili 1972, pale Kisiwandui, hatua chache tu kutoka majumba hayo. Barabara mbili pana zilipasuliwa katikati ya Ng'ambo zikakutana katika mzunguko mmoja, na kandokando yake yakasimamishwa majumba 10 ya saruji, marefu mno, yakikaribia mita 300 kila moja.

Mimi si miongoni mwa wanaoyadharau majumba hayo. Aliyekulia chini ya makuti yanayovuja, akabebea maji kichwani, anayo haki ya kusema kwamba ukuta wa saruji ni heshima. Na watu wengi wa Ng'ambo waliyajenga kwa mikono yao wenyewe katika kazi za kujitolea. Lakini tuseme pia kilichobomolewa. Nyumba zilizoondolewa zilikuwa na mabaraza mamia, na kila baraza lilikuwa, au liliweza kuwa, duka. Majumba mapya yalihesabu vyumba, jiko na choo. Hayakuhesabu mahali pa kukaa na jirani wala mahali pa kuuzia kikapu cha maembe. Mjerumani aliyechora alitoka katika nchi ambayo mtu hununua katika duka la serikali na kukaa ndani kwake kwa sababu ya baridi; kwake, sehemu ya chini ya ukuta wa nje haikuwa mahali. Kwa Mswahili hapo ndipo mahali penyewe.

Matokeo yake anaweza kuyaona kila apitaye. Wakaazi walishuka. Chini ya majumba yale marefu pametokea mabaraza ya saruji yaliyojengwa na wakaazi wenyewe, mabenchi ya mbao, vibanda, meza za simu na nguo, majiko ya chipsi na mishikaki, na jumba lenyewe, kwa urefu wake, likawa ukuta wa kuegemea na kivuli cha kufuata. Asubuhi wauzaji wako upande wa magharibi wa jumba, alasiri wamehamia upande wa mashariki. Mhandisi alijenga makazi. Wakaazi wakayatumia kama upenu mmoja wa mita 300. Nikiulizwa iko wapi njia ya maduka ya Michenzani, jibu langu la kwanza ni hilo, kabla ya kuonyesha jengo lolote lenye jina juu ya mlango.

Wakati huohuo Bara walijaribu jambo lenye busara zaidi. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, halikutafuta ukuta hata kidogo. Amuli alisimamisha miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja juu ya nguzo yake, ikinywesha maji ya mvua kupitia nguzoni, na chini yake hewa ikapita na watu wakapita. Ule ni mti, mwembe wa saruji. Ni kweli kwamba Kariakoo nako wauzaji walimwagika mitaa yote jirani, na moto wa Julai 2021 uliliharibu vibaya jengo kuu; lakini fikira yake ilikuwa ya hapa kwetu, na nasikitika kwamba haikuvuka bahari kuja Unguja.

Kilichovuka ni kitu kingine. Katika miaka ya karibuni, kando ya mzunguko wa Michenzani, unaposimama mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar umejenga majumba makubwa ya maduka: Michenzani Mall, na jingine lenye jina la Sheikh Thabit Kombo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama cha Afro-Shirazi. Maduka yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa, yakiuangalia ukumbi wa ndani. Nje ni kuta na vioo. Fedha za kuyajenga ni akiba ya wafanyakazi, nalo si jambo dogo: pensheni ya mwalimu wa Makunduchi imo katika kodi inayolipwa na mwenye duka la viatu. Kwa hiyo kodi haiwezi kuwa ndogo, na muuza vitumbua hawezi kuilipa. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili lote. Mfuko una wajibu kwa wastaafu wake, na mji una wajibu kwa wauzaji wake, na wajibu hizi mbili zimekutana katika kiwanja kimoja.

Hesabu hiyo ina upande mwingine ambao wachoraji wangeweza kuutengeneza kwa gharama ndogo. Jumba la mtindo huu, popote duniani, humtaka mtu atembee. Akikaa, akae palipo na kitu cha kulipia. Baraza la mawe refu chini ya ukuta wa nje, na upenu wa mita mbili tatu juu yake, lingewapa wauzaji wadogo kivuli halali, na wenye maduka ya ndani wangepata watu mlangoni kwao. Waashi wa Hurumzi walilijua hilo bila ya kusoma chuo. Badala yake mpaka umewekwa mkali, baina ya ndani penye baridi na nje penye jua, na anayeuza nje huonekana kuwa amevamia.

Darajani nako, katika miaka hii ya 2020, pamejengwa maduka mapya kwa mpango, mahali ambapo palikuwa na makontena ya wafanyabiashara, na jina lililotundikwa juu yake ni Darajani Souk. Hapa namwomba msomaji anivumilie kidogo kama mtu wa lugha. Neno suq lilitua pwani hii zamani, likavaa kanzu ya Kiswahili, likawa soko. Tukalitumia mpaka tukasahau kwamba lilikuwa geni. Neno lile lile likasafiri hadi Ulaya, likaandikwa kwa herufi za Kizungu, likaingia katika vitabu vya watalii. Na sasa limerejea Darajani, mlangoni pa ndugu yake, wala hawajuani. Sina chuki nalo. Tangu UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kila mwenye duka anafahamu ni nani anayesoma kibao chake. Lakini kibao kinachosema Souk kimeandikiwa mgeni, na kibao kinachosema Soko kimeandikiwa jirani, na mtu huweza kujua kodi ya duka kwa kutazama herufi hizo.

Mall lenyewe halijapata ngeli. Nimesikia "mall hiyo" na "mall hilo" kutoka kinywa kimoja katika sentensi moja, na vijana hutamka "moli" wakiliongezea irabu kama babu zao walivyoliongezea marikiti. Baraza, kwa upande wake, halikuwahi kuwa na shida ya ngeli wala ya makao. Kutoka jukwaa la mawe lilipanda likawa kikao cha wazee, kisha mkutano, na tangu mwaka 1980 tuna Baraza la Wawakilishi. Wakati wajumbe wake wakijadili mipango ya mji, ule mzee wa asili bado uko kazini Michenzani. Baada ya sala ya magharibi muuza kahawa huweka deli lake chini ya ukuta wa jumba la saruji na kugonganisha vikombe vyake, na watu hutoka ngazini mmoja mmoja kuja kukaa.